Nani Hupanda Kwanza

Isebania,
4 Februari 1968

Shemeji Nyangi,

Nakusalimu kutoka ardhi ya baba yako, ambako mimi ni mgeni na wewe ndiye mwenyeji, ingawa kwa sasa tumebadilishana viti. Mama yako ni mzima. Jana aliniletea maziwa ya mgando kwenye kibuyu, akanicheka jinsi ninavyotamka Kikuria mpaka akajishika mbavu. Mguu wa kaka yako Maroa umepona, na ana ndama wapya anaowataja mara nyingi kuliko anavyomtaja mkewe.

Sasa sikia: kitabu kimetoka! Kinaitwa Walikotoka Wazee Wetu, cha watoto wa darasa la nne na la tano, kina picha, na jina langu lipo kwenye jalada: Cephas Randiga. Vitabu vya historia tulivyolishwa shuleni huanza siku mgeni fulani aliposhuka kwenye meli, akapangusa miwani yake na kutuona. Kabla ya hapo, eti tulikuwa tumekaa gizani tukimsubiri. Nilifundisha upuuzi huo kwa miaka. Siku nilipomwambia mkaguzi mbele ya walimu wenzangu kwamba ni upuuzi, nilihamishwa kutoka Rangwe hadi huku mpakani. Vizuri. Huku nimepata utulivu wa kuandika.

Sura ya tatu ni ya kwetu. Niliona si haki kuzianika nyumba za wengine nikaificha yangu. Nimeeleza jinsi babu yangu alivyofika hapo na mke mmoja na mbuzi wachache, akapokewa na babu yake Mzee Agutu awe jadak, yaani mgeni anayepewa ardhi ya kulima. Nimeeleza kwamba mpaka leo nyumba yetu haitii mbegu ardhini kabla nyumba ya Agutu haijapanda mstari wa kwanza. Watoto wajue kwamba tulikuwa na sheria zetu na adabu zetu kabla chifu wa kwanza hajavishwa kofia.

Mwisho wa kila sura kuna maswali. Mwambie Roseline ayajibu yote. Ndugu yangu Paul angekuwa hai, nakala ya kwanza ingekuwa yake. Basi iwe ya binti yake.

Ni mimi shemeji yako,
Cephas

*

Rangwe,
17 Machi 1968

Mwalimu, shemeji yangu,

Salamu zako zimefika pamoja na kitabu. Sisi ni wazima. Ng'ombe mweupe amezaa jike. Mvua imeanza upande wa Ndhiwa, huku kwetu inanguruma tu. Ndugu zako wadogo wanakusalimu. Mwambie mama yangu kwamba kikapu chake kilinifikia.

Roseline amekisoma kitabu mpaka jalada limelegea. Swali moja la sura ya tatu linasema: "Kijijini kwenu nani hupanda kwanza? Waulize wakubwa sababu yake." Unamjua mtoto huyu. Hakuniuliza mimi. Alikwenda moja kwa moja kwa Mama Phelesia, mke wa Mzee Agutu, akamkuta anapepeta mtama.

"Nyanya, kwa nini sisi huwa tunangoja ninyi mpande?"

Phelesia akacheka. "Kwa sababu kwenu mnapenda kulala."

Roseline akasema hapana, kitabu kinasema vingine, akakifungua akamsomea. Elijah, mwana wao, yule karani wa pamba huko Homa Bay, alikuwa amekuja kuwasalimu wazazi. Akaomba kitabu akitazame. Alikitazama mpaka chai yake ikapoa.

Watoto wengine wa darasa nao walikwenda na swali hilo makwao. Jioni ile kilima kizima kilikuwa kinaulizana. Wako wazee waliocheka, wako waliowafukuza watoto kwa fimbo.

Labda huko mpakani hamjasikia. Ofisi ya ardhi imetangaza kwenye baraza kwamba mashamba yote ya huku yatapimwa, na kila shamba litaandikwa jina la mwenyewe. Jina moja. Sijui kama ulijua hilo ulipoandika. Nauliza tu.

Bado hatujapanda. Tunangoja.

Nyangi

*

Isebania,
9 Aprili 1968

Shemeji Nyangi,

Mama yako anasema kikapu hicho ni cha mayai, usikitie viazi. Maroa ameuza ndume wake na kujuta palepale sokoni.

Barua yako inanuka hofu, na mimi sitaki kuinusa hofu nyumbani kwangu. Kuna aibu gani kupokewa? Nani katika nchi hii hakupokewa na mtu? Watu wa Mbita walivuka maji wakapokewa. Huku kwenu Wakuria wako pande zote mbili za mpaka, na mpaka ndio uliowakuta wao. Mtu aliyelima kwa vizazi vitatu, akazika wazazi wake na ndugu yake katika udongo uleule, huyo si mgeni tena kwa akili ya mtu yeyote mwenye akili. Na kungoja kupanda ni heshima. Ni kama kumwachia mkubwa kiti. Mwenye ardhi na jadak wote wawili wana haki katika udongo mmoja, na hilo ndilo jambo zuri ambalo kitabu changu kinafundisha!

Kama karatasi ya serikali ina nafasi ya jina moja tu, basi kosa ni la karatasi. Nitaliandikia gazeti kuhusu jambo hilo.

Elijah Agutu nilimfundisha mimi. Hakuwahi kumaliza kitabu chochote. Mwache asome.

Cephas

*

Rangwe,
30 Juni 1968

Mwalimu,

Tumeshukuru kwa salamu. Mtama ulitoka vizuri, ndege wanausumbua. Roseline alikuwa na malaria, sasa anakula. Mdogo wako aliyekuwa Kisumu amerudi bila kazi na anasema amerudi kupumzika.

Elijah amemaliza kitabu.

Kamati ya ardhi ilikaa wiki iliyopita chini ya paa la kanisa. Alisimama, akakishika kwa mikono miwili, akaisoma sura ya tatu kwa sauti kama anayesoma Injili. Alipofika mahali unaposema "nyumba yetu", alitua kidogo, akageuza jalada, akawaonyesha jina lako. Akasema: "Mashahidi wangu si wazee wenye kusahau. Shahidi wangu ni mwalimu wao wenyewe."  Hata wale waliokuwa upande wetu walitazama chini.

Anataka kipande chote kile, kutoka njia ya kanisani mpaka mtoni, kiandikwe jina la baba yake, apande pamba. Anasema hatatufukuza, tutakaa kwa hisani. Nyumba yangu imo humo. Nyumba za ndugu zako zimo. Kaburi la Paul limo.

Kamati imeshindwa kuamua, imepeleka kesi kwa afisa wa ardhi Homa Bay. Afisa atamwita mwandishi wa kitabu aje aseme mwenyewe, mwezi wa kumi.

Ndugu zako wamekaa, wamekubaliana jambo. Wameniomba nikuandikie kwa sababu mimi ndiye ninayeandika Kiswahili kizuri, na kwa sababu wanakuogopa. Wanasema: Mwalimu aje aseme ile ilikuwa hadithi ya kubuni.

Nimeyaandika maneno yao. Yangu sijaandika.

Nyangi

*

Isebania,
25 Agosti 1968

Shemeji,

Samahani kwa kuchelewa. Barabara ilikatika na basi halikufika kwa siku nyingi. Mama yako ni mzima, amemaliza kuvuna wimbi na amepata kikohozi kidogo ambacho hataki kipelekwe hospitali. Maroa amejenga zizi jipya. Anasema: "Mwalimu, sisi hatuandiki tulikotoka. Tunahesabu ng'ombe, wakipungua tunajua tumetoka pabaya." Nilicheka sana. Ndama mmoja ana baka jeupe usoni, atakuwa mzuri. Wanafunzi wangu wanajitahidi. Upepo huku ni mwingi mwezi huu.

Idara ya elimu imeniandikia. Wanataka kitabu kiingie shule zote za wilaya mwakani. Wilaya nzima, Nyangi, kutoka visiwani mpaka huku mpakani. Watoto wote hao wakijua kwamba hawakuanza jana! Sharti ni moja tu, niweke sahihi kwamba yote yaliyomo ni kweli na nimeyakusanya kwa wazee wenyewe. Fomu iko mezani.

Kuhusu Homa Bay, mwezi wa kumi tunajiandaa kwa mitihani. Mwalimu mkuu ni mtu mgumu wa ruhusa.

Msalimu Roseline.

Cephas

*

Rangwe,
8 Septemba 1968

Shemeji,

Salamu za nyumbani utazipata siku nyingine.

Nimeisoma barua yako nikitafuta mahali uliposema utakuja. Nimepata ndama. Nimepata zizi. Nimepata upepo.

Paul alipokufa, wazee walikuja kunichagulia mwanamume wa kunirithi. Wewe ulisimama mlangoni kwangu, ukapiga kelele mpaka Rangwe sokoni wakasikia, kwamba mke wa ndugu yako si kiti cha marehemu cha kugawiwa mtu. Wazee wakaondoka. Maneno yako ndiyo yaliyonibakiza hapa na wanangu. Sasa maneno yako mengine yanataka kunitoa.

Nirudi wapi? Kwa mama yangu? Binti aliyeolewa akirudi na watoto wa kabila lingine, Maroa atampa shamba gani? Huko uliko wewe, mimi si mwenyeji tena. Hapa nilipo sijawa.

Sikuambii la kusema. Nakuambia siku tu. Ni Jumatano, tarehe tisa Oktoba, ofisi ya ardhi Homa Bay, asubuhi.

Nyangi

*

Isebania,
3 Novemba 1968

Shemeji Nyangi,

Mama yako amepona kikohozi. Wengine wote ni wazima.

Ulikuwa nje na wanawake, hukusikia yaliyosemwa mle ndani, na mimi nilipotoka nilikwenda moja kwa moja kwenye basi. Nitayaandika mara moja hii.

Afisa alikuwa kijana, mstaarabu, ana kikohozi cha vumbi. Akaniuliza: "Mwalimu, kitabu hiki ni chako?"

"Ni changu."

"Shika Biblia. Haya ya sura ya tatu, ni mambo yaliyotokea?"

Nilikuwa nimeandaa hotuba, Nyangi. Safari nzima niliipanga kichwani, kuhusu karatasi yenye jina moja na udongo wenye haki mbili. Ilikuwa hotuba nzuri. Nikamwanzia. Akainua mkono: "Mwalimu, mimi sina mahali pa kuyaandika hayo. Ndiyo au hapana."

Nikasema: "Ni hadithi. Niliibuni ili watoto wapende somo."

Elijah akaruka juu. Afisa akamkalisha. Ndipo Mzee Agutu akainuka polepole na fimbo yake. Hakuwa na hasira. Laiti angekuwa na hasira! Akasema: "Cephas, mwanangu. Mimi ndiye niliyekusimulia. Ulikaa kwenye kigoda changu, ukinywa uji wa Phelesia. Nikataja jina la babu yako, na jina la yule mbuzi aliyechinjwa siku ya kumpokea. Ukaniambia nirudie, uandike vizuri. Hukumbuki?"

Nikasema sikumbuki.

Alinitazama kidogo, akaketi. Afisa akaandika.

Mimi niliyewaita wengine waongo kwa sababu waliandika historia yetu bila kutuuliza! Wao angalau hawakunywa uji.

Cephas

*

Rangwe,
9 Machi 1969

Mwalimu, shemeji yangu,

Umenyamaza miezi, nami nimenyamaza. Sisi ni wazima. Roseline amekuwa wa tatu darasani. Mama yangu umsalimu.

Karatasi imetoka. Shamba limeandikwa jina lako, kwa kuwa wewe ndiye mkubwa wa nyumba. Nimeitia ndani ya sanduku la Paul.

Nakushukuru. Nilipaswa kuandika neno hilo mapema, mkono ukakataa.

Sasa nakuandikia kwa jambo jingine. Mvua imefika, nzuri, ya usiku na mchana, na hakuna aliyepanda. Mzee Agutu ameapa hatatangulia. Anakaa mlangoni anawaambia wapita njia: "Mimi si mwenye ardhi. Mwalimu amesema. Wenye ardhi na wapande, mimi nitangoja kama jadak." Elijah anawaletea unga kutoka Homa Bay, kwa hiyo anaweza kungoja. Sisi hatuwezi.

Nilichukua jembe nikasema basi nitaanza mimi. Ndugu zako wakalishika mpini. Wanasema kama nyumba haina tena wa kuitangulia, anayepanda kwanza ni mkubwa wa nyumba yenyewe. Mjane hawezi kumtangulia, na wadogo hawawezi. Wakivunja hilo, kila mtoto atakayeugua mwaka huu wataona ni kwa sababu hiyo. Nimebishana nao. Unajua ninavyobisha. Wamekataa, na kusema kweli, nilipowaza Roseline na malaria yake, hata mimi niliwaachia jembe.

Ni wewe, Cephas. Uje upande shamba ulilosema ni letu tangu mwanzo.

Mvua inanyesha juu ya udongo mtupu.

Nyangi

*

Isebania,
14 Machi 1969

Shemeji,

Idara imekiondoa kitabu. Mtu fulani aliwapelekea maneno yangu ya Homa Bay, na hawana makosa: mwandishi mwenyewe ameapa kwamba amebuni. Wamenirudishia nakala zote. Maboksi yamejaa chumbani mpaka dirishani, napita kwa ubavu kwenda kitandani. Kila nikiamka nalitazama jina langu. Siwezi kusema ni kweli bila kuwatoa ninyi shambani. Siwezi kuyachoma, maana humo ndani hakuna uongo hata mstari mmoja.

Na sasa mnataka mkono wangu nao ule kiapo.

Nitafika Jumamosi ya tarehe ishirini na mbili. Usinipikie. Mwambie Roseline asiniulize swali lolote.

Cephas

*

Rangwe,
30 Machi 1969

Shemeji,

Hukula, kama ulivyosema, na chai niliyoipika nikawapa ndugu zako. Natumaini ulifika salama kwa watu wangu.

Kuna mambo huyajui kwa sababu uliyapa mgongo. Nakuandikia ujue.

Ulipovua viatu na kujifunga mfuko wa mbegu, watu walikuwa wamejaa kando ya njia, wengine wanajifanya wanatafuta mbuzi. Ulikwenda mpaka mpakani mwa shamba la Agutu. Kisha ukasimama. Ndugu zako wakadhani unaomba. Wakavua kofia. Jua likapanda, wakavaa kofia tena. Mdogo wako wa Kisumu akaninong'oneza: "Kwani Mwalimu amesahau kazi hii inafanywaje?"

Mimi sikudhani umesahau. Niliona unakotazama. Shamba la Agutu lilikuwa tupu, nawe ulikuwa unangoja, kama baba yako alivyokuwa akingoja. Yale uliyoyakana Homa Bay, ulikuwa unayasema kwa miguu mbele ya kilima kizima. Wote walielewa. 

Halafu ukageuka ukatazama kaburi la Paul, ukaliinamia, na hapo ndipo hukuona. Phelesia alitoka na ungo. Mzee Agutu akamwita kutoka ndani: "Mwanamke, unakwenda wapi na mtama?"

Akajibu bila kugeuka: "Umeliwa na fukusi. Nakwenda kuumwaga."

"Mwaga jaani!"

"Jaa limejaa maneno yenu."

Akaingia shambani mwake, akapanda mstari mmoja, kutoka mpakani mpaka kwenye mti wa ojuok, taratibu, akiufukia kwa kisigino. Hakukutazama. Aliporudi ndani ndipo ulipogeuka, ukauona udongo uliofukuliwa, ukainama ukaanza. Nilikuona ukifuta uso. Ndugu zako wanasema ni jasho, nami nikasema ndiyo, ni jasho.

Mzee Agutu hakumpiga mkewe wala hakumsemesha kwa siku mbili. Siku ya tatu alipanda shamba lililobaki.

Roseline aliona yote. Alikuwa amekaa juu ya jiwe la kunolea. Nilimngoja aulize. Nilimngoja jioni, nikamngoja kesho yake. Hakuuliza. Wewe ulimkataza kukuuliza wewe tu, lakini naona amejikataza maswali yote. Hilo linaniuma kuliko kesi.

Mtama umeota. Mstari wa Phelesia umetangulia wetu, unaonekana kutoka dirishani kwangu.

Nyangi

*

Isebania,
20 Aprili 1969

Shemeji Nyangi,

Mama yako ni mzima, na Maroa, na ng'ombe, na yule mwenye baka. Mvua huku ni nzuri pia.

Nimejaribu kuiandika habari ya mwanamke mwenye ungo. Sijawahi kuona historia iliyo nzuri kuliko hiyo, na nilikuwepo, na nilikuwa nimeipa mgongo. Nikimaliza ukurasa nautia kwenye moto wa kupikia, kwa sababu Elijah bado anajua kusoma. Kisha naanza tena. Maroa ananiuliza kwa nini ugali wangu unanuka wino.

Nina ombi. Palizi ikifika, mstari wa Phelesia uupalilie wewe. Uupalilie kwanza, kabla hujaugusa wetu, mchana, watu wakiona. Nenda na Roseline, mpe jembe dogo.

Akiuliza kwa nini mnaanza na huo, mwambie. Mwambie yote, pamoja na uji. Na asipouliza, Nyangi, mchokoze mpaka aulize.

Shemeji yako,
Cephas